Maswali ya Wasomaji: Nightcrawler na mnunuzi wa picha

Katika toleo lililopita tuliwaalika wasomaji watuulize chochote kuhusu Nightcrawler, filamu ya mwaka 2014 inayomhusu Lou Bloom, kijana wa Los Angeles asiye na kazi wala haya, anayeanza kuwinda ajali na mauaji usiku kwa kamera ndogo na kuiuzia picha runinga ya jiji. Barua zimekuja, nyingi kutoka Dodoma na Singida, na baadhi haziulizi filamu hata kidogo, zinauliza kazi. Tumezijibu za aina zote mbili kwa pamoja. Asiyeitazama bado na anayependa kushtukizwa afunue ukurasa mwingine, maana hapa tunaisimulia mpaka mwisho.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Hapa chuoni tumebishana mpaka bando likaisha. Mwenzetu mmoja anashikilia kwamba Lou Bloom alikuwepo kweli na sasa yuko jela Marekani. Sisi tunasema ni hadithi ya kutungwa. Nani yuko sahihi?
Mwanafunzi, Chimwaga, Dodoma

JIBU: Ninyi, ila msishangilie sana. Lou ni mtu wa kutungwa, na hata stesheni anayoiuzia picha haipo. Aliyemtunga ni Dan Gilroy, aliyeandika mswada na kuiongoza filamu mwenyewe. Ndiyo filamu yake ya kwanza kuongoza, na mswada huo uliteuliwa kuwania Oscar. Lakini kazi anayoifanya Lou ipo. Los Angeles ina wapiga picha wa kujitegemea wanaozunguka usiku kucha wakisikiliza redio ya polisi, wanafika kwenye tukio kabla ya magari ya runinga, kisha alfajiri wanauza picha kwa atakayetoa bei nzuri.

Babu wa wote hao ni Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, mzaliwa wa 1899, mpiga picha za mauaji na moto mjini New York katika miaka ya 1930 na 1940. Mwaka 1938 alipata kibali cha kuwa na redio ya polisi kwenye gari lake, na ndani ya buti aliweka vifaa vya kazi pamoja na taipureta. Gilroy alivutiwa na huyu kabla ya kuwafikia wa Los Angeles. Msichokijua pengine ni kwamba picha nyingi nzuri za Weegee hazionyeshi maiti. Aligeuza kamera kwa watu waliosongamana kuitazama, wengine wakilia, wengine wakicheka, watoto wakisukumana wapate nafasi. Lou hageuki hata mara moja.

SWALI: Shikamooni. Mimi naonyesha filamu zilizotafsiriwa. Hii wateja wameikataa. Wanasema stelingi gani anaiba, anasababisha watu wafe, halafu mwisho anatajirika?
Mwenye banda, Majengo, Dodoma

JIBU: Marahaba. Lou ni stelingi kwa sababu kamera haimwachi, siyo kwa sababu yuko upande wa haki. Tunahisi tatizo lako ni mtafsiri. Lou anaongea kama mtu aliyekariri kozi ya ujasiriamali mtandaoni: malengo, majadiliano, nafasi ya kupanda cheo. Maneno ni laini, sauti haipandi, macho hayapepesi. Mtafsiri akimpa sauti ya kibabe, mtazamaji anapata jambazi wa kawaida na utisho wote unayeyuka. Mwambie ayasome maneno ya Lou kama afisa mikopo anavyomweleza mteja riba, kwa upole kabisa, huku mkono umeshashika hati ya nyumba. Mwigizaji Jake Gyllenhaal alipunguza karibu kilo 13 kwa ajili ya nafasi hiyo, akimfikiria Lou kama mbweha mwenye njaa anayeshuka mjini usiku. Mbweha habweki hovyo. Na watoto usiwaingize, hata wakija na hela kamili.

SWALI: Mume wangu anasema Lou ameharibika tangu dakika ya kwanza. Mimi nasema alikuwa mtafutaji tu mpaka pale alipoiburuta ile maiti. Tupatanisheni.
Msomaji, Makole, Dodoma

JIBU: Mzee anapima kwa sheria, wewe unapima kwa maadili ya habari, ndiyo maana hamkutani. Ni kweli Lou ni mwizi tangu mwanzo: anaiba vyuma, anamshambulia mlinzi na kuondoka na saa yake. Lakini hata mwizi anaweza kupiga picha ya kweli. Kwa mwandishi swali ni hili: picha zilianza lini kusema uongo?

Picha yake ya kwanza kuuzika ni ya majeruhi anayevuja damu huku wahudumu wakimhangaikia. Inamletea dola 250. Amesogea mno, amewakera waokoaji, lakini kilichomo ndani ya fremu ndicho kilichotokea. Baadaye anaingia bila ruhusa kwenye nyumba iliyomiminiwa risasi, anakuta picha za familia zimebandikwa kwenye friji, anazisogeza mpaka zikae jirani na matundu ya risasi. Hakuna aliyeumia. Hakuna hata aliyemwona. Kwetu sisi hapo ndipo, siyo kwenye maiti. Friji lile ndilo linalomfundisha kwamba tukio linaweza kupangwa upya na mnunuzi asiulize. Maiti anayoivuta baadaye mpaka kwenye mwanga wa taa za gari ni friji lile lile, limekua.

Lakini ya maiti ina madhara ambayo filamu inayapita haraka, na ambayo askari yeyote wa usalama barabarani atakueleza. Akifika kwenye ajali, anachora ramani ya eneo: anapima alama za breki, umbali kutoka gari hadi alipolala aliyegongwa, vioo vilipomwagikia. Kwa vipimo hivyo inakadiriwa mwendo wa gari na nani alihama njia yake. Maiti ikisogezwa mita tatu, dereva aliyekuwa upande wake anaweza kuonekana mkosaji, au mkosaji akaponea hapo, na familia inabaki kudai fidia ya bima kwa ramani isiyo ya kweli. Hivyo picha ikipendeza kwenye skrini, kuna faili polisi lililopinda.

Baada ya hapo ngazi inapandwa mbilimbili. Anaharibu gari la mpinzani wake. Anaingia kwenye nyumba ya mauaji huko Granada Hills kabla ya polisi, anapiga picha chumba hadi chumba, kisha anapouza anaondoa sehemu inayoonyesha wauaji, ili abaki na habari ya pili ya kuuza. Na mwishoni anamwambia msaidizi wake, Rick, kwamba jambazi aliyeko ndani ya gari amekufa, asogee achukue picha. Jambazi yuko hai, na Lou anajua. Rick alianza kazi hiyo kwa dola 30 kwa usiku.

Kwa hiyo mpatane hivi: mume wako amemtambua mwizi, wewe umemtambua mwongo, na wote mmelipita friji.

SWALI: Ndugu wahariri, ninajitegemea, ninatuma picha kwa TV mbili za mtandaoni. Bodaboda wananipigia simu usiku: ajali barabara ya Morogoro, ajali njia ya Singida. Nikifika ninachanganyikiwa nianze wapi, na sitaki kuitwa kanjanja. Nipeni utaratibu.
Mpiga picha, Kizota, Dodoma

JIBU: Simu ikiingia, andika saa kabla hujawasha pikipiki. Saa hiyo utaihitaji utakapoulizwa ulifikaje mapema.

Njiani usishindane na gari la wagonjwa. Ukifika, usisimame upande magari yanakotokea. Ukishaviacha viunga vya mji barabara ni giza tupu, na dereva wa semi anayeshuka na mzigo anakuona akiwa ameshachelewa kushika breki. Pita ajali, paki mbele yake kama mita 50, nje kabisa ya lami, taa za tahadhari zikiwaka. Vaa kizibao cha reflekta juu ya nguo zote, siyo chini ya koti. Kisha nusa hewa. Kama ni lori la mafuta, hakuna picha ya karibu hapo, hata kidogo: kaa upande upepo unakotokea, mbali, na usiwashe kitu. Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lililopinduka lililipuka watu wakiwa wamelizunguka, wengine wakichota petroli. Walikufa zaidi ya 100.

Kabla ya kamera, hakikisha kuna aliyepiga 112 ya polisi na, kama kuna moto au mtu amebanwa ndani ya gari, 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Usidhani mwingine amepiga. Kwenye umati kila mtu anadhani hivyo.

Sasa lile wanalobishania watu: nisaidie au nipige picha? Jibu linategemea nani yuko pale. Hakuna muokoaji, kamera inaingia kwenye begi. Khanga au fulana iliyokunjwa, bonyeza juu ya jeraha linalovuja na usiachie kila mara kuchungulia kama limekauka. Usimpe maji. Usimvute shingo wala kumburuta, isipokuwa kuna moto au hatari nyingine inayokuja. Waokoaji wakishashika kazi, wewe ukibaki katikati ni kikwazo. Hapo toka, na kazi yako inaanza.

Anza na picha pana, kutoka pande mbili, kila moja sekunde 10 bila kutikisa wala kuvuta karibu. Kisha zile ambazo wengi hawazipigi kwa sababu hazina damu: alama za breki, kibao cha mwendo au cha kona, nguzo ya kilomita, tairi lililopasuka, foleni ya malori, askari akipima. Hizi ndizo zinazoeleza kwa nini ajali imetokea, na hazikataliwi na mhariri yeyote mwenye akili. Uso wa majeruhi, hapana. Maiti isiyofunikwa, hapana. Iliyofunikwa, kwa mbali na kwa sekunde chache. Namba ya gari irekodi kwa ajili ya kumbukumbu zako, lakini ifiche kwenye picha zinazotoka mpaka ndugu waambiwe. Taa ya kamera isimmulike usoni daktari anayetafuta mshipa, wala dereva anayekuja.

Ukimhoji shuhuda, swali la kwanza liwe: uliona au ulisikia? Mtu aliyesikia kishindo akageuka ameona matokeo, hajaona ajali. Atakusimulia ajali nzima kwa uhakika, na hatakuwa anadanganya; kichwa chake ndicho kimejaza pengo. Mwandike alivyo: alisikia, kisha akaona.

Idadi ya waliokufa ndiyo inayowaaibisha waandishi wengi. Hospitali inajua waliofikishwa kwake, Kamanda wa Polisi wa Mkoa anajumlisha za pande zote, na umati haujui lolote ila unasema kwa sauti kubwa. Taja idadi pamoja na saa na chanzo: "hadi saa nne usiku, kwa mujibu wa Kamanda". Katika ajali ya treni ya Igandu, mkoani Dodoma, Juni 24, 2002, waliokufa walifikia 281. Idadi ya namna hiyo haihesabiwi na mtu aliyesimama kando ya reli.

Jambo la mwisho, maneno. Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Akifikishwa mahakamani na kusomewa shtaka ni mshtakiwa. Muuaji au mwizi ni baada ya mahakama kumtia hatiani, siyo dakika moja kabla. Ibara ya 13 ya Katiba inamlinda mpaka hapo, hata kama umemwona kwa macho yako akitolewa kichakani. Mtoto, awe mtendaji au mtendewa, usimtambulishe kwa sura, jina, shule wala jina la mzazi. Kutaja mtaa mdogo pamoja na darasa lake ni sawa na kumtaja jina.

SWALI: Naweza kupata wapi ile redio ya polisi anayoitumia Lou?
Dereva bodaboda, Chang'ombe, Dodoma

JIBU: Usiitafute. Lou anaipata dukani, akiibadilisha na baiskeli ya wizi, kwa sababu Marekani, sehemu nyingi, kusikiliza mawasiliano ya wazi ya polisi si kosa, ingawa idara nyingi sasa zimeyafunga kwa namba za siri. Zile tarakimu zinazosikika humo ni za sheria za California: 187 ni mauaji, 211 ni unyang'anyi, 459 ni uvunjaji. Hapa kwetu Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano yasiyokuhusu, na ukikutwa na redio hiyo hakuna atakayesikiliza habari za filamu.

Na kusema kweli huihitaji. Redio ya Dodoma ni wewe mwenyewe, dereva bodaboda, pamoja na magrupu ya WhatsApp. Kinachotutia wasiwasi ni malipo. Kuna wapiga picha wanaowapa madereva elfu tano kwa kila ajali, na zaidi kama "ni kubwa". Hiyo "zaidi" ndiyo mbaya. Siku moja dereva atapiga simu kwako kabla ya kupiga 112. Wanaokupa taarifa wape vocha ile ile kila mwezi, tukio liwepo lisiwepo.

SWALI: Tuna kikundi cha filamu fupi. Tunataka kupiga hadithi ya mwandishi wa usiku, Dodoma, kwa kamera moja na lenzi mbili. Wale waliwezaje kuuonyesha usiku ukiwa safi vile? Na damu tutengeneze vipi?
Kikundi cha vijana, Singida mjini

JIBU: Aliyeshika kamera ni Robert Elswit. Usiku alitumia kamera za dijitali, mchana akatumia filamu ya milimita 35. Hakuuogopa mwanga wa mji: taa za barabarani, vioo vya maduka na vituo vya mafuta vimeachwa vifanye kazi. Anapenda pia lenzi pana, ili mji uonekane mpaka mbali nyuma ya Lou. Hilo la mwanga wa mji mnaliweza bila gharama.

Chagueni sehemu zenye mwanga wake: kituo cha mafuta, stendi, barabara yenye taa. Wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata, yaani muda kila fremu inaopokea mwanga, 1/50. Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50, kwa hiyo mkipiga kwa fremu 30 na shata 1/60, taa nyingi zitapumua kwenye picha, zikipanda na kushuka, na hakuna programu itakayoziponya vizuri. Lenzi ifungueni f/1.8 au f/2, ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, anzeni na 1600, msivuke 3200 kabla ya kujaribu na kuitazama kwenye skrini kubwa. Kwenye kioo cha kamera chembechembe hazionekani. Mizani ya rangi, ile inayoandikwa WB, isiwe ya kujiendesha. Igandisheni kwenye Kelvin 3200 au 4000, la sivyo kila gari likipita uso wa mwigizaji unabadilika rangi. Taa za difenda zinazozunguka hukata fremu vipande kwenye kamera za bei nafuu. Zionyesheni kwa kuakisiwa ukutani au kwenye bati la gari, msizielekee.

Adui wenu mkubwa Dodoma siyo giza, ni upepo na vumbi, hasa kiangazi kuanzia Julai. Lenzi ibadilishwe ndani ya gari, vioo vimefungwa, mwili wa kamera ukitazama chini. Maiki iwe na koti la manyoya, na hata hivyo rekodini mazungumzo muhimu tena, papo hapo, mkiwa nyuma ya gari au ukuta. Jenereta liwe mbali, mita 60 au zaidi, nyuma ya jengo. Usiku wa Juni na Julai una baridi, na baridi inakula betri: betri ya akiba ikae mfukoni mwa mtu, siyo kwenye begi.

Damu: vikombe 2 vya sukari, kikombe 1 cha maji, chemsheni mpaka inate kwenye kijiko, iacheni ipoe. Tieni rangi nyekundu ya chakula kijiko 1 cha chai. Kakao kijiko 1 cha chai ikorogwe pembeni kwa maji ya moto ndipo iingie, ukiimimina kavu itafanya mabonge. Malizieni na tone 1 la rangi ya buluu. Matone mawili, damu imekuwa zambarau. Ijaribuni mbele ya kamera, chini ya taa ile ile mtakayotumia, kwa sababu chini ya taa nyeupe sana hugeuka pinki. Inaacha doa kwenye nguo na kwenye ngozi nyeupe ya gari la kuazima. Na ni sukari: sisimizi watafika kabla ya mwigizaji, nyuki wakifuata asubuhi. Tengenezeni ya kutosha shoti tatu, muoshe mara moja.

Kabla ya yote hayo, kibali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali cha kupiga filamu, na anayekitoa ni Bodi ya Filamu. Mkishakipata, mpelekeeni nakala mwenyekiti wa mtaa na kituo cha polisi cha karibu, mkitaja tarehe na saa. Msivae sare ya polisi bila ruhusa. Kijana mwenye sare ya kushonesha na bastola ya plastiki saa sita usiku anaweza kuwafanya ninyi wenyewe kuwa habari.

SWALI: Kaka yetu aliuawa. Kabla hatujafika mochwari, picha yake ilikuwa imeshasambaa, uso wazi. Mama amezimia mara mbili. Tunaweza kufanya nini?
Familia, Manyoni

JIBU: Poleni sana. Fanyeni haya mapema, na mteueni mtu mmoja wa kuyafanya, asiwe mama.

Hifadhini ushahidi kwanza: piga picha ya skrini inayoonyesha jina la akaunti, tarehe na kiungo cha ukurasa, kabla ya kuomba chochote kifutwe. Msiisambaze picha yenyewe, hata kwa kuilaani. Kisha ripotini chapisho ndani ya mtandao wenyewe, mkichagua sababu ya ukatili wa kutisha. Ndugu watano wakiripoti kila mmoja kwa simu yake si vibaya. Kama aliyechapisha ni chombo cha habari, mwandikieni mhariri, barua fupi: tarehe, kiungo, uhusiano wenu na marehemu, na mnachodai, yaani kuondolewa na kuombwa radhi. Asipojibu, malalamiko yapelekwe Baraza la Habari Tanzania, linalosuluhisha migogoro ya namna hii bila kwenda mahakamani. Kwa TV na kurasa za mtandaoni mna njia nyingine, Mamlaka ya Mawasiliano, kwa kuwa Kanuni za Maudhui Mtandaoni za mwaka 2020 zinakataza maudhui ya ukatili.

Angalieni pia picha imepigiwa wapi. Ikiwa ukuta au kitanda kinachoonekana ni cha hospitali au mochwari, aliyeipiga huenda alikuwa kazini. Andikeni kwa uongozi wa hapo, na nakala kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanzishwa chini ya sheria ya mwaka 2022.

SWALI: Ninaongoza dawati la habari kwenye redio yenye ukurasa wa video. Vijana wanaleta klipu za uhalifu, nyingine kali mno. Nitajuaje kama sinunui kazi ya akina Lou?
Mhariri, Dodoma mjini

JIBU: Swali lako ndilo la filamu nzima. Lou angebaki mwizi wa vyuma kama Nina, mhariri wa kipindi cha alfajiri, asingemnunulia. Ndiye anayemwambia mapema ni damu ya nani inayouza: ya wenye nafasi, kwenye mitaa iliyotulia, wakidhuriwa na maskini. Lou hakubuni chochote. Alipewa oda.

Klipu ikija, kataa ya WhatsApp. Huko picha hubanwa, na taarifa za saa na mahali zilizofichwa ndani ya faili hupotea. Dai faili la asili, kwenye kadi au kwa waya, na dai lote, pamoja na dakika zisizo na maana za kabla na baada. Kisha muulize ana kwa ana: nani alikuambia, ulifika saa ngapi, nani alikuwepo, uligusa au kusogeza nini, umekata wapi, umemlipa nani. Mpiga picha mwaminifu ataudhika kidogo na kujibu. Klipu inayoanza kabla ya tukio kuanza ihoji mara mbili: alijuaje asimame pale? Linganisha pia na picha ya mtu mwingine wa eneo hilo. Gari likiwa na mlango wazi kwenye moja na umefungwa kwenye nyingine, usirushe kwanza.

Ikiwa ndani yake kuna sura ya mtuhumiwa, usikimbilie kuirusha. Polisi wakija kufanya gwaride la utambulisho, yaani kumpanga mtuhumiwa pamoja na watu wengine ili shahidi amchague, wakili atauliza shahidi kama aliiona sura hiyo kwenye simu kabla ya gwaride. Akijibu ndiyo, utambuzi wake umekwisha thamani. Hifadhi nakala, nakili saa uliyoipokea, na ushauriane na mwanasheria wenu jinsi ya kuikabidhi.

Lakini dhambi kubwa ya Nina haimo kwenye klipu yoyote. Inabainika kwamba nyumba ya Granada Hills ilikuwa na dawa za kulevya, kwa hiyo mauaji yale si ya familia yoyote tu iliyolala; ni ya biashara. Mwenzake anamletea habari hiyo mezani. Nina anaiweka kando kwa sababu inapunguza hofu, na hofu ndiyo wanayoiuza. Hapo hakuna maiti iliyosogezwa, picha zote ni halisi, na habari nzima ni ya uongo. Kwa hiyo kagua na upande wako: ni taarifa gani iliyofika kwenye dawati lako jana ikaachwa kwa sababu iliifanya habari iwe ya kawaida?

Kuhusu malipo, acha kulipa kwa ukali wa picha. Lipa zamu. Kijana akitoka saa mbili usiku akarudi saa kumi alfajiri, apate kiasi kile kile awe ameleta watu wanne waliokufa au kikao cha sungusungu cha Nzuguni. Nyongeza mpe kwa mambo unayoweza kuyapima: jina la chanzo lililothibitishwa, simu ya Kamanda iliyopokelewa, nyaraka, ufuatiliaji wa kesi baada ya miezi sita. Atalalamika wiki ya kwanza. Wiki ya pili atakuja kukuuliza mahakama inaanza saa ngapi.